Mwenye Kusafiri Kuwatumikia Mayatima

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, Aliyemjaalia Mtume Wake kukua katika uyatima kisha Akampa makao kwa jamaa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Limezuka katika zama hizi jambo ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Vijana hukusanya fedha zao, wakatafuta pasi na tikti, wakaazimia kwenda nchi ya mbali, si kwa biashara wala kwa kutafuta kazi, bali wakae siku chache katika nyumba ya mayatima, wawafundishe watoto, wawapikie, wawajengee na kuwafurahisha. Jambo hili lilienea kwanza kwa vijana wa Ulaya, Marekani na Australia, na sasa vijana wa Kiislamu nao wamelipenda. Asiyejua hali ya mambo atasema kuwa hii ni kheri tupu, haina haja ya kuulizwa. Na mwenye kujua atasema kuwa asili yake ni kheri, walakini kheri nayo ina mlango wake. Na mtu aingiaye nyumba ya watu kwa dirishani, hata akiwa amechukua zawadi mkononi, wenye nyumba hawatamjua kuwa ni mgeni au ni mwizi.

Ama fadhila za kumlea yatima hazina shaka. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (s.a.w.) ameeleza ya kwamba mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi, akaonyesha ukaribu huo kwa kidole chake cha shahada na cha kati. Na katika Surat al-Maun, Mwenyiezi Mungu amemtaja mwenye kumsukuma yatima kuwa ni katika wenye kuikadhibisha dini. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 10, Amewaonya wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma ya kwamba walacho ni moto. Basi jambo lililo karibu na Pepo namna hii, na karibu na Moto namna hii, halifai kuendewa kwa pupa. Yataka ilimu kabla ya amali, na kuuliza kabla ya kufunga safari.

Na upigwe mfano, ili jambo lifahamike. Nao ni mfano tu, si khabari ya watu maalumu. Vijana watano wa mji mmoja wa pwani waliazimia kwenda Aceh, katika nchi ya Indonesia, wakakae mwezi mmoja katika nyumba ya mayatima. Wakamwendea mwalimu wao barazani baada ya sala ya isha, ili awaombee dua ya safari. Maalim akafurahi kwa ajili yao, kisha akawauliza:

"Wanangu, ni nani aliyekuiteni?"

Mkubwa wao akajibu: "Maalim, hatukuitwa na mtu. Tumeona picha za watoto katika simu, tukaingiwa na huruma."

"Huruma ni neema. Na hao watoto, mama zao wako wapi?"

Wakatazamana, hapana aliyejua.

"Mna kazi gani mikononi mwenu?"

Mmoja alikuwa fundi seremala, na mmoja mwuguzi wa hospitali. Watatu waliosalia ni wauzaji wa maduka. Na lugha ya watu wa Aceh hapana aliyeijua hata mmoja.

"Na nauli zenu nyote, kwenda na kurudi, jumla yake ni ngapi?"

Walipomtajia, Maalim akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Yule mjane wa nyuma ya msikiti amekwisha mtoa mwanawe wa kwanza, amempeleka nyumba ya mayatima, kwa kuwa ada ya skuli imemshinda. Na mwezi ujao atampeleka wa pili. Mwajua khabari hii?"

Hawakuijua, na nyumba ya yule mjane iko hatua arubaini kutoka mahali walipokuwa wamekaa.

Maalim akasema: "Basi mtavuka bahari kwenda kumpangusa machozi mtoto aliyetolewa kwa mamaye kwa sababu ya umasikini, na huku nyuma yenu anatolewa mwengine kwa sababu ile ile. Dua nitakuombeeni, wanangu, lakini si usiku huu. Rudini mkafikiri, kisha mnijie."

Maswali haya manne ya Maalim ndiyo yampasayo kila mwenye nia ya safari kama hii kujiuliza. Na yafaa kuyaeleza moja moja, kwa kuanzia lile lililo kubwa kuliko yote, nalo ni swali la mama.

Watu wengi hudhani ya kuwa yatima ni mtoto asiye na mtu. Sivyo ilivyo katika sharia. Yatima ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla ya kubaleghe, hata kama mamaye yu hai, na bibi zake wahai, na ami zake wahai. Na mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya hadhana, kisha mama wa mama, kwa masharti yaliyoelezwa katika vitabu vya fikihi. Yatima aweza kuwa ana nyumba, ana kifua cha kulalia na ana ukoo wa kumwita kwa jina lake. Alichopungukiwa ni mwenye kumchukulia masurufu yake na kumwangalia mali yake. UNICEF nayo, katika hesabu zake, humhesabu kuwa ni yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Basi mtu akisikia hesabu ya mayatima wa dunia, asidhani ya kuwa wote hao wanangoja nyumba ya kuwekwa. Walio wengi wanangoja msaada katika nyumba walizomo.

Na mwenye kutaka ushahidi wa haya atazame sira ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Baba yake Abdallah alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake Amina akafa njiani, mahali paitwapo Abwa, baina ya Makka na Madina, naye Mtume ana umri wa miaka sita. Umm Ayman akamrudisha kwa babu yake Abdul Muttalib; na babu alipokufa, Mtume ana miaka minane, ami yake Abu Talib akamchukua, naye Abu Talib alikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Mauti yakamtoa mkononi mwa mtu baada ya mtu, na kila mara mkono wa jamaa ulikuwako wa kumpokea.

Kisha atazame jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowatendea mayatima wa Jaafar bin Abi Talib. Jaafar aliuawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, nao ni 629. Mtume akaenda mwenyewe nyumbani kwake, akataka watoto waletwe, akawakumbatia na machozi yakamtoka. Akaamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Na zilipopita siku tatu akaja tena, akamwita kinyozi akawanyoa watoto vichwa vyao. Na mama yao, Asma bint Umays, alipotaja uyatima wa wanawe, Mtume akamtuliza ya kwamba asiwakhofie ufakiri, kwani yeye ndiye walii wao katika dunia na akhera. Haya ameyapokea Imamu Ahmad kutoka kwa mtoto wa Jaafar mwenyewe, Abdallah, aliyeyaona kwa macho yake.

Katika kisa hiki yamo mafundisho makubwa. Mtume alikwenda kwa mayatima, hakungoja waletwe. Akatazama nyumba ina haja gani, akaanza na chakula na nywele za watoto, mambo madogo ambayo mwenye msiba huyasahau. Akarudi mara ya pili, baada ya watu wengine kutawanyika. Na lililo kubwa ni kuwa mzigo aliuchukua yeye, na watoto akawaacha mikononi mwa mama yao. Hakumpunguzia Asma mzigo wake kwa kumpunguzia wanawe.

Sasa itazamwe hali ya Aceh, ambako vijana wale walitaka kwenda. Nchi hiyo iko katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii kama walivyo wengi wa watu wa pwani, na wenyewe huiita nchi yao Serambi Mekkah, yaani Baraza ya Makka. Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, nchi ilitetemeka chini ya bahari. Likainuka wimbi lililoangamiza watu zaidi ya 160,000 katika Aceh peke yake. Siku ile ile wimbi hilo likavuka bahari ya Hindi likafika Somalia, likaua huko watu karibu na 300. Msikiti mkubwa wa Baiturrahman katika mji wa Banda Aceh ukasalimika, na watu wakakimbilia humo. Watoto wengi walibaki bila ya baba, au bila ya mama, au bila ya wote wawili.

Ulimwengu ukaingiwa na huruma, na misaada ikamiminika. Walakini pamoja na wenye huruma walikhofiwa kuingia wenye tamaa. Na baada ya siku chache serikali ya Indonesia ikakataza mtoto aliye chini ya miaka 16 kutolewa Aceh bila ya wazazi wake, kwa khofu ya wenye kufanya biashara ya watoto. Zikajengwa nyumba za kulelea mayatima, juu ya zile zilizokuwako tangu zamani, ambazo kwa lugha yao huitwa panti asuhan. Nyingi katika hizo ni za Waislamu wema, na zimesimama kwa sadaka zao.

Kisha mwaka 2007 ikatolewa khabari ya uchunguzi uliofanywa na wizara ya mambo ya jamii ya Indonesia pamoja na Save the Children na UNICEF, juu ya nyumba kama hizo katika mikoa sita, na Aceh ni mmojawapo. Ikadhihiri ya kwamba katika kila watoto 100 waliokuwamo, karibu 90 walikuwa na mzazi mmoja aliye hai kwa uchache. Na 56 wazazi wao wote wawili walikuwa hai. Waliokosa baba na mama pamoja walikuwa wachache. Na sababu kubwa iliyowatoa majumbani ni kuwa mzazi masikini hana ada ya skuli, na mwenye nyumba ya malezi husomesha bure. Mtoto mwenye mama akawa yatima kwa ajili ya kalamu na daftari.

Hapa ndipo mwenye kutoa sadaka apaswapo kusimama na kufikiri. Fedha ipelekwapo kwa nyumba ya mayatima peke yake, na mama masikini asipate kitu, basi fedha ile humwambia yule mama ya kwamba mwanawe hatasoma mpaka amtoe. Hapana aliyekusudia kumwambia hivyo; walakini ndilo neno analolisikia. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi kutoka kwa Abu Ayyub, ametoa onyo kali kwa mwenye kumtenga mama na mwanawe, ya kwamba naye atatengwa na awapendao Siku ya Kiyama. Onyo hili limekuja juu ya mateka wa vita. Ikiwa mateka hafai kutengwa na mwanawe, je, mwanamke wa Kiislamu aliye huru, asiye na kosa ila ufakiri?

Na wako waliofanya haya kwa kusudi. Katika nchi ya Nepal, wakati wa vita vya ndani vya mwaka 1996 hadi 2006, madalali waliingia vijijini wakawaahidi wazazi skuli nzuri, wakawachukua watoto mpaka Kathmandu na miji mingine, wakawafanyizia hati za uwongo za kuwa ni mayatima. Wageni wakaja na huruma zao na fedha zao. Na kwa kadiri wageni walivyozidi, ndivyo walivyotafutwa watoto wa kuonyeshwa. Mwaka 2018 nchi ya Australia, ilipokuwa ikitunga sharia yake juu ya utumwa wa zama hizi, ililihesabu jambo la kuwatia watoto katika nyumba za mayatima kwa ajili ya faida kuwa ni namna ya biashara hiyo. Na mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka dola zizuie madhara yatokanayo na safari za watu wajitoleao katika nyumba za mayatima. Muislamu ndiye aliyepaswa kuwatangulia watu katika onyo hili, kwani Mwenyiezi Mungu Amekwisha kumfahamisha katika Surat al-Baqara, aya ya 220, ya kwamba Yeye Anamjua aharibuye na atengenezaye katika mambo ya mayatima. Wote wawili huonekana kwa watu wamemshika yatima mkono. Na atakayewapambanua ni Mungu.

Haya yote hayana maana ya kuwa kila nyumba ya mayatima ni mbaya, au kila msimamizi wake ni mlaji. Wako watoto wasio na mama wala baba wala jamaa awezaye kuwapokea, na wako wanaume na wanawake waliotoa umri wao kuwalea. Nao wastahili dua na msaada. Maana yake ni kuuliza. Nyumba njema haichukii kuulizwa: je, mtoto huyu ana jamaa? Je, jamaa zake huja kumtazama? Je, juhudi gani yafanywa arudi kwao? Je, fedha yaandikwa katika daftari linaloonekana? Je, serikali yaijua nyumba hii? Na msimamizi aonapo maswali haya kuwa ni matusi, hilo nalo ni jawabu.

Swali la pili ni la mwito. Mgeni aliyeitwa hupewa kazi iliyokuwa ikimngoja. Na asiyeitwa hutafutiwa kazi ya kumshughulisha. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari imekuja ya kwamba ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, na ya kwamba si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji hata amtie katika dhiki. Basi vijana watano watakaokaa mwezi mzima, ambao wapaswa kupikiwa, na kutembezwa, na kufasiriwa kila neno, je, wamekwenda kuwatumikia mayatima au kutumikiwa? Mwenye kutaka kwenda aandike kwanza, aeleze kazi aijuayo na siku alizo nazo, kisha angoje jawabu. Na jawabu likiwa kwamba hahitajiwi, basi ashukuru, kwani ameepushwa na safari isiyokuwa na maana.

Na mtoto mdogo ana jambo jengine. Mtoto huyo humpenda ampakataye, na humlilia aondokapo. Wakija wageni mwezi huu wakampakata wakaondoka, na mwezi ujao wakaja wengine wakaondoka, moyo wake hujifunza ya kuwa kila mwenye kumpenda humwacha. Katika mji wa Bucharest, nchi ya Romania, wataalamu walianza mwaka 2000 kuwaangalia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika nyumba za serikali. Nusu yao wakapewa walezi majumbani, na nusu wakaendelea na malezi yale yale. Waliopata mlezi mmoja wa kumjua, khasa waliompata mapema, waliendelea zaidi katika akili zao na katika kupendana na watu. Kwa hivyo mgeni wa siku chache asipewe kumlea mtoto mchanga. Na ajenge ukuta, au amfundishe mlezi aliye pale jambo la kumfaa, naye akiondoka, ukuta na ilimu vitabaki.

Swali la tatu ni la kazi. Huruma haimfanyi mtu kuwa mwalimu, kama isivyomfanya kuwa tabibu. Asiyeweza kufundisha katika skuli ya mji wake, kwa kuwa hakusomea, hawi mwalimu kwa sababu amepanda ndege. Ama yule seremala, huyo ana kitu: aweza kuwafunza vijana waliokaribia kubaleghe ufundi wa kuwalisha maisha yao. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, mawalii wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, ili ijulikane kama wameongoka na waweza kukabidhiwa mali zao. Maana yake ni kuwa mwisho wa malezi ni kumwezesha yatima kusimama peke yake, si kumweka mkono wazi daima. Na yule mwuguzi naye ana kitu, akipata idhini ya wenye nchi na akiwa chini ya uwangalizi wao.

Yafuatia hapo adabu ambazo hazina ruhusa ya kuachwa. Msafiri atafute viza ya kazi aendayo kuifanya, si ya matembezi kwa hila. Achukue cheti cha polisi cha mwenendo mwema, wala asione ni aibu kuulizwa, kwani mlango wa nyumba ya watoto lazima uwe mzito. Asikae na mtoto faraghani, mwanamume wala mwanamke, hata kama moyo wake ni safi. Asimbadilishe mtoto jina wala asimnasibishe na asiyekuwa baba yake. Jambo hilo limekatazwa katika Surat al-Ahzab, aya ya 5. Na wakiwa watatu au zaidi wafanye mmoja wao amiri, kama ilivyo sunna ya safari.

Na khasa ajihadhari na picha. Kijana humpiga picha mtoto wa watu, machozi yamemlengalenga na nguo zimemchanika, akaipeleka katika simu ili rafiki zake wamsifu. Na ajiulize: lau yeye amekufa, na mwanawe akapigwa picha vile na mtu wa mbali, angeliridhika? Katika Surat an-Nisaa, aya ya 9, mwenye kukhofia watoto wake wanyonge watakaobaki nyuma yake ametakiwa aikhofu hali hiyo hiyo kwa watoto wa wenziwe. Na katika Surat al-Insan wamesifiwa wenye kuwalisha masikini na yatima na mateka, ambao hawataki kutoka kwao malipo wala shukrani. Mwenye kutaka shukrani za watu wa simu amekwisha lipwa, naye atafika akhera mikono mitupu.

Swali la nne ni la nauli. Wako watu katika zama za Mtume (s.a.w.), wenyeji wa Yemen, waliokuwa wakienda Hija bila ya akiba, wakisema kuwa wamemtegemea Mungu, wakifika Makka huomba watu. Ikateremshwa aya ya 197 ya Surat al-Baqara, wakaamrishwa kuchukua masurufu ya safari, na wakakumbushwa ya kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Basi msafiri alipe madeni yake kwanza, awaachie watu wa nyumbani kwake matumizi yao, apate radhi ya wazazi wake, na awe na fedha ya kurudia. Mtu aliyemjia Mtume akitaka kwenda kupigana jihadi aliulizwa kama wazazi wake wahai. Aliposema wahai, akaamrishwa afanye jihadi yake kwao.

Kisha aweke nauli yake mezani, aitazame kwa insafu. Je, fedha hii, lau ingelipelekwa yenyewe bila ya mtu, ingeliwafikisha watoto wangapi katika skuli huku wakilala kwa mama zao? Ikiwa kazi yake huko haiwezi kufanywa na mwenyeji, na faida yake yazidi nauli, na aende, na Mungu ambariki. Na ikiwa seremala wa Banda Aceh aweza kuifanya kwa thuluthi ya fedha hiyo, na akapata kuwalisha wanawe, basi safari ile ni matembezi yaliyovishwa kanzu ya ibada. Matembezi si haramu. Lakini yasiitwe jina lisilokuwa lake.

Na katika Surat al-Balad, Mwenyiezi Mungu Alipotaja njia nzito ya kupanda, Ametaja katika mambo yake kumlisha, siku ya njaa, yatima aliye jamaa. Ukaribu umetajwa kwa sababu. Yatima wa karibu haonekani katika picha. Hana sura ya ajabu, wala kwenda kwake hakuna khabari ya kusimulia. Walakini yeye ndiye atakayemshitaki jirani yake kwanza. Serikali ya Kenya, mwezi wa Novemba 2017, ilisimamisha kuandikishwa kwa nyumba mpya za watoto, na mwaka 2022 ikatangaza mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya jamaa. Mpango huo hautatimia kwa karatasi. Watoto watarudi majumbani ikiwa majumbani mna chakula, na ada, na mwanamume wa ukoo au wa mtaa wa kuuliza khabari zao kila Ijumaa. Hiyo ndiyo kazi ya watu wa msikiti, wala haihitaji pasi.

Ama vijana wale watano, walirudi kwa Maalim baada ya siku tatu. Walikuwa wamekwenda kwa mjane, wake za wawili kati yao wakitangulia kama ipasavyo, wakajua ada ya wanawe wote wawili ni kiasi gani. Wauzaji watatu wakatoa nauli zao, zikatosha ada ya mwaka huu na wa pili, na zikabaki za kumrudisha yule mtoto wa kwanza kwa mamaye. Seremala na mwuguzi wakaandika barua kwa watu wa Aceh, wakaeleza kazi wazijuazo, na wakauliza kama wanahitajiwa, na kama watoto wana jamaa wa kusaidiwa. Maalim akawauliza kama jawabu limekuja. Wakasema bado, wanangoja.

Akasema: "Sasa nitakuombeeni dua." Akainua mikono, akawaombea waendao na wabakio.

Mwenyiezi Mungu Awajaalie Waislamu kuwa walii wema wa mayatima wao, wa karibu na wa mbali. Azisafishe nia za wenye kusafiri, na Ayafumbue macho ya wenye kubaki. Na Asimjaalie mama yeyote kumtoa mwanawe kwa ajili ya ufakiri na huku jirani zake washiba. Amin. Wallahu aalam.